Nyumba ya Mfanyakazi Ndiyo Ofisi Yake: Niliyoyaona Nikisimamia Kazi za Mbali Arusha

Kila mara suala la kufanyia kazi nyumbani linapoletwa katika vikao vya wenye kampuni za utalii hapa Arusha, swali la kwanza huwa la nidhamu: tutajuaje kwamba hawalali? Nimelisikia swali hilo kwa miaka kadhaa sasa, kwa kuwa ninasimamia kitengo cha kuhifadhi nafasi katika kampuni moja ya safari, na sehemu kubwa ya watu wangu hawaketi tena mjini. Ninaamini kuwa swali hilo linaelekezwa pasipostahili. Pale ambapo kazi ya mtu ilishuka baada ya kuondoka ofisini, ni nadra sana kukuta kwamba chanzo ni uvivu. Mara nyingi chanzo kilikuwa nyumba yenyewe: vyumba vilivyopo, umeme, bando, watoto, wageni, na kukosekana kwa mtu wa karibu wa kumuuliza. Na kwa kuwa mwajiri hajazoea kuihesabu nyumba ya mtu miongoni mwa mambo ya kazi, lawama humwangukia mfanyakazi.

Kazi ya kitengo chetu inafaa ielezwe kwanza, maana si kila kazi inahamishika. Wakala aliyeko Ujerumani au Marekani huandika kuulizia safari ya wageni wanne kwa siku nane, Tarangire, Ngorongoro na Serengeti, kisha siku chache za kupumzika Zanzibar. Mtu wa nafasi hutafuta vyumba katika loji na kambi, hupiga hesabu ya viingilio vya hifadhi, gari, dereva, mafuta na ndege ndogo, huandika ratiba, kisha hurudisha bei. Jibu likichelewa siku mbili, mara nyingi huwakuta wageni wameshachukuliwa na kampuni nyingine. Kazi ya namna hii hutaka kichwa kilichotulia kwa saa nzima au zaidi bila kukatizwa, kwa sababu kosa la usiku mmoja katika ratiba huingia kwenye bei, na kutoka kwenye bei humfikia mgeni aliyesimama mapokezi ya loji akiambiwa kwamba jina lake halimo. Upande wa pili wapo wenzetu wa operesheni, wanaoshughulika na gari lililokwama Ndutu, mgeni aliyeugua njiani, au namba ya malipo ya hifadhi inayogoma getini. Hao huhitaji kuwa chumba kimoja, mmoja asikie simu ya mwenzake na kuinuka kabla hajaitwa, na haijapata kupendekezwa kwamba watawanywe. Ninayoyaeleza hapa yanawahusu watu wa nafasi na bei.

Tulianza kwa kulazimika. Mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, tarehe 16 Machi 2020, alikuwa hapa hapa Arusha, akiwa ameingia kwa ndege kupitia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro. Shule zilifungwa siku chache baadaye, mwezi Aprili safari za kimataifa za abiria zikasimamishwa, na mji unaoishi kwa wageni ukabaki na magari ya safari yaliyofunikwa maturubai. Wapo wengi waliopoteza riziki, madereva na wapagazi wakiwa wa kwanza. Kwetu ilibaki kazi ya kuahirisha: kila aliyekwisha kulipa amana alipaswa kuandikiwa na kushawishiwa asogeze safari badala ya kudai fedha zake, na kila loji ilipaswa kuombwa ipokee tarehe mpya bila kuongeza bei. Ofisi ilifungwa kwa muda ili kuokoa kodi ya pango, kompyuta zikapelekwa majumbani kwa gari la kampuni, nami nikawa msimamizi wa watu nisiowaona.

Lililonisaidia ni kwamba kazi hiyo inahesabika. Mfumo wetu hurekodi saa ambayo barua imeingia, saa iliyojibiwa, na kama bei ilirudishwa kwa ajili ya kusahihishwa. Baada ya muda mfupi niliona watu wawili, ambao ofisini walikuwa wakikaribiana sana kwa wepesi na usahihi, wameachana kabisa. Mmoja aliishi Njiro kwa wazazi wake, akiwa na chumba chenye mlango, meza na dirisha. Majibu yake yaliongezeka na makosa yake yakapungua kuliko alipokuwa mjini. Wa pili, mama mwenye bidii ambayo sijawahi kuitilia shaka, aliishi Unga Limited katika chumba kimoja cha kupanga pamoja na mumewe na watoto wawili. Majibu yake yalikuwa yanatoka kati ya saa nne na saa nane za usiku, na katika ratiba zake yalianza kuonekana makosa ambayo hakuwa nayo: tarehe ya kuondoka kambi moja isiyolingana na ya kuingia nyingine, mtoto aliyehesabiwa kama mtu mzima.

Nilimpigia simu.

"Shikamoo dada," alisema, na kabla sijamuuliza alikuwa amekwisha kujieleza. "Najua kuna bei umenirudishia. Mchana siwezi, dada. Kitanda ndicho meza, na ndicho sebule. Nikifungua kompyuta, mdogo anadhani ni katuni, nikiongea na loji mkubwa analia. Kwa hiyo nasubiri walale."

Mtu huyo alikuwa akifanya kazi ya zamu nzima baada ya kulea mchana kutwa, na katika karatasi ya mkurugenzi alionekana kuwa mtu aliyezembea. Laiti tungefuata karatasi hiyo peke yake, tungempoteza mmoja wa watu wetu bora kwa kosa la kuwa na chumba kimoja. Tulichofanya ni jambo dogo: karakana ya kampuni iliyopo Sakina ilikuwa na chumba kilichowekwa vipuri, nacho kilikuwa na umeme wa jenereta na mlango wa kufunga. Vipuri vilihamishwa, zikaingia meza tatu zilizotengana, na yeyote ambaye nyumba yake haikuruhusu kazi akapewa haki ya kuja hapo. Mama yule alipanga zamu na mumewe, ambaye wakati huo hakuwa na kazi, akawa anakuja asubuhi na kuondoka saa nane mchana. Makosa yale yakakoma.

Baadaye, nilipoanza kusoma yaliyoandikwa na wachumi kuhusu jambo hili, niligundua kwamba sharti la chumba lilikuwemo tangu mwanzo katika utafiti unaotajwa kuliko mingine yote. Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walichapisha mwaka 2015 matokeo ya jaribio lililofanywa na Ctrip, kampuni ya Kichina ya kuuza tiketi na hoteli, ambayo kazi ya wahudumu wake wa simu haiko mbali sana na yetu. Wafanyakazi 249 waliojitolea waligawanywa kwa tarehe za kuzaliwa, wa tarehe shufwa wakaenda nyumbani siku nne kati ya tano kwa muda wa miezi tisa, wa tarehe witiri wakabaki ofisini. Utendaji wa waliokwenda nyumbani ulipanda kwa 13%, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na kwamba walikuwa kazini dakika nyingi zaidi katika kila zamu, kwa mapumziko machache na siku chache za kuugua. Walioacha kazi walipungua kwa nusu. Tarakimu hiyo ya 13% imesafiri dunia nzima. Lililobaki nyuma ni kwamba ili kukubaliwa kwenye jaribio, mtu alitakiwa awe ameshakaa kazini angalau miezi sita, awe na intaneti ya kasi, na awe na chumba cha kufanyia kazi peke yake. Kwa maneno mengine, mama wa Unga Limited asingeruhusiwa hata kuingia kwenye hesabu.

Hali iliyo karibu zaidi na yetu ilipimwa Chennai, nchini India. David Atkin, Antoinette Schoar na Sumit Shinde waliajiri watu wa kuingiza taarifa kwenye kompyuta, wakawagawa kwa kura, wengine wakafanyia kazi nyumbani na wengine ofisini. Kwa mujibu wa matokeo waliyoyatoa mwaka 2023, tija ya walioko nyumbani ilikuwa chini kwa 18%. Theluthi mbili za pengo hilo zilionekana tangu siku ya kwanza, na theluthi iliyobaki ilijitokeza taratibu kwa kuwa walioko ofisini walijifunza kazi haraka zaidi. Lililonigusa ni kwamba pengo lilikuwa kubwa zaidi kwa wale waliopendelea kufanyia kazi nyumbani. Nikiangalia watu wangu, ninaelewa vizuri kabisa. Anayeomba kwa nguvu zote abaki nyumbani mara nyingi ndiye mwenye mzazi mgonjwa au mtoto mchanga. Ana haja ya kweli ya kuwa nyumbani, na haja hiyo hiyo ndiyo inayomkatiza kila baada ya robo saa.

Kwa hiyo China walipata ongezeko na India wakapata upungufu, na mimi nimeyaona yote mawili ndani ya kitengo kimoja, katika kata mbili za mji mmoja.

Umeme na intaneti vinastahili kuzungumzwa kwa kirefu, kwa sababu ndipo gharama inapohama kimyakimya kutoka kwa mwajiri kwenda kwa mwajiriwa. Kampuni inapofunga chumba mjini, inaacha kulipa kodi, umeme, maji, intaneti na mfanya usafi. Mambo hayo hayatoweki. Umeme unakuwa wa LUKU ya mfanyakazi, na intaneti inakuwa bando lake. Mtu anayejinunulia bando hulitumia kwa ubahili, na ubahili huo una sura ambayo msimamizi huiona bila kuitambua. Hafungui picha za loji anazotakiwa kumtumia wakala, kwa sababu ni nzito. Haingii kwenye kikao kwa video. Husubiri bando la usiku, ambalo ni nafuu, ndipo apakue orodha mpya za bei, na asubuhi anakuwa amechoka. Msimamizi anaona mtu mzito wa kujibu. Tulipoanza kulipa bando moja kwa moja kwenye namba ya kila mfanyakazi, tena la kutosha, muda wa kujibu barua ya kwanza ulipungua ndani ya mwezi huo huo, na hakuna aliyekuwa amebadilisha tabia yake kwa lolote.

Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulitupima zaidi. Kabla mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere haujaanza kuingiza umeme kwenye gridi mwanzoni mwa 2024, kata zetu zilikuwa zikikatiwa kwa saa nyingi, na zamu hazikulingana: Moshono kunawaka, Sombetini giza. Ofisini kulikuwa na jenereta. Nyumbani kulikuwa na betri ya kompyuta, ambayo kwa mashine kuukuu hudumu saa moja na nusu. Wapo waliokuwa wakipanda bodaboda kwenda kukaa mgahawani mjini, wakinunua chai ambayo hawakuihitaji ili wapate soketi, na nauli pamoja na chai hiyo vilitoka mifukoni mwao. Hoja niliyoipeleka kwa mkurugenzi ilikuwa rahisi: tujumlishe saa zilizopotea katika kitengo kizima kwa wiki moja, tuzizidishe kwa mishahara, kisha tulinganishe na bei ya betri kubwa na inveta kwa kila nyumba. Tulipopiga hesabu hiyo mezani, betri zilinunuliwa. Ninalieleza hili kwa kuwa wasimamizi wengi huenda kwa wakubwa wao kuomba huruma, wakati fedha iliyopotea ni ya kampuni na inaweza kuandikwa kwenye karatasi.

Zipo siku ambazo hakuna betri inayosaidia. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti zinazopita baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika vibaya kabisa. Siku hizo aliyekuwa ofisini na aliyekuwa nyumbani walikuwa sawa, wote wakipiga simu za kawaida kwa loji na kuandika kwenye madaftari. Mwaka ule kuna aliyependekeza watu warudishwe mjini kwa sababu ya tukio hilo, pendekezo ambalo sikuliafiki hata kidogo, maana waya uliokatika chini ya bahari haujali mtu ameketi wapi.

Sasa niseme kuhusu watu wa nyumbani, jambo ambalo katika maandishi ya wenzetu wa nje hupita kwa mstari mmoja, nasi kwetu ndilo zito. Nyumba ya Kitanzania haina desturi ya kumwona mtu aliyeketi sebuleni na kompyuta kuwa yuko kazini. Kazi ni kuondoka asubuhi na kurudi jioni. Aliyebaki nyumbani yupo, na aliyepo hutumwa: apokee mtu wa maji, akae na mtoto wa shangazi, ampeleke bibi hospitali ya Mount Meru, aende msibani kwa jirani kwa kuwa haipendezi mtu yupo nyumbani asionekane. Hili huwaelemea zaidi wanawake. Katika kitengo changu, wanaume waliohamia nyumbani walilalamikia upweke na kelele. Wanawake walilalamikia kwamba siku yao imekatwa vipande vipande. Mwenzetu mmoja wa Usa River alinieleza mazungumzo yake na mama mkwe wake, ambaye ni mtu mwema na hakuwa na nia mbaya yoyote.

"Mwanangu, mbona upo tu hapa na huwezi kunisindikiza kliniki?"

"Mama, nipo kazini mpaka saa tisa. Saa tisa nikifunga, tunatoka wote."

"Kazini wapi, mwanangu?"

Haikutosha kumweleza mara moja. Kilichosaidia ni mume wa dada huyo kukaa na mama yake na kumwambia kwamba mshahara unaolipia dawa hizo unatokana na kompyuta ile, na kwamba ikifungwa kabla ya muda unaweza kukoma. Tangu hapo mama mkwe mwenyewe ndiye akawa mlinzi wa mlango, akiwaambia wageni wasubiri. Tangu niliposikia habari hiyo, kila ninapomruhusu mtu kuhamia nyumbani huwa ninamuuliza ni nani mwenye sauti katika nyumba yake, na kama mtu huyo ameshaambiwa kuhusu saa za kazi. Wapo wanaoona swali hilo linaingilia mambo ya watu. Kwangu ni swali la kikazi sawa na kuuliza kama kuna intaneti.

Tusisahau kwamba wapo walionufaika bila kipingamizi. Kijana wetu wa Ngaramtoni alikuwa akipoteza saa nyingi za siku kwenye daladala, kwanza kusubiri lijae, kisha foleni ya asubuhi ya kuingia mjini. Alipobaki nyumbani alianza kazi saa moja asubuhi, wakati mawakala wa Ulaya wanaamka, na kufikia saa nne alikuwa amemaliza ratiba nzito zote za siku. Ana chumba cha nje kilichotengana na nyumba kubwa. Katika msimu wa Januari hadi Machi, ambao ndio barua za kuulizia safari za Julai na Agosti humiminika kwetu, yeye hujibu nyingi kuliko mtu mwingine yeyote. Ingekuwa dhuluma kumrudisha mjini kwa sababu ya sera inayotaka watu wote wafanane.

Suala la wapya nililiona mapema, na tarakimu za Chennai zimeniimarisha tu. Kazi ya nafasi haijaandikwa yote popote. Kwamba kambi fulani hukubali kushikilia mahema hadi siku ya mwisho ukimpigia meneja badala ya kumwandikia. Kwamba barabara ya kwenda Ndutu baada ya mvua kubwa haimfai mgeni mzee. Kwamba wakala akiuliza bei ya chini kabisa mara ya tatu tayari ana bei ya mtu mwingine mkononi: haya yote kijana huyapata kwa kusikia wakubwa wakiongea na simu meza ya pili. Aliyeajiriwa na kupelekwa nyumbani siku ya kwanza huyakosa, na kuuliza kwa maandishi huona aibu, kwa kuwa swali lililoandikwa hubaki. Tumeamua kwamba mtu mpya akae ofisini hadi apitie msimu mmoja mzima, kuanzia barua za kuulizia hadi wageni kuondoka. Uamuzi huu una gharama yake kwa wakubwa pia, kwani lazima awepo wa kumsikiliza, na kwa hiyo wazoefu wetu nao huja kwa zamu. Baadhi walinung'unika. Mimi nadhani kufundisha ni sehemu ya kazi wanayolipwa, na tunaihesabu wakati wa kupima utendaji wao, jambo ambalo zamani halikuwa likifanyika.

Kuna suala la kupandishwa cheo ambalo linanisononesha. Katika jaribio lile la Ctrip, walioko nyumbani walipandishwa vyeo mara chache kuliko wenzao, ukilinganisha na utendaji wao. Tulipotafuta msaidizi wa mkuu wa kitengo, majina yaliyotajwa mwanzoni yalikuwa ya watu wanaoonekana ofisini, wanaokunywa chai na mkurugenzi. Niliomba kikao kiahirishwe, nikaleta orodha ya kila mtu: safari alizouza, makosa, mawakala waliorudi kwake mara ya pili. Aliyechaguliwa alikuwa dada wa Tengeru, ambaye wakubwa wengi walikuwa hawajamwona uso kwa muda mrefu. Sitaki kudai kwamba hilo limemaliza upendeleo. Lazima orodha hiyo iletwe kila mara, na lazima awepo mtu wa kuileta.

Kuhusu saa za kazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iko wazi: saa zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne na zilipwe si chini ya mara moja na nusu, na kazi ya usiku, yaani baada ya saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, iongezewe angalau 5%. Mtu akiwa ofisini, mlango unapofungwa ndipo sheria hiyo inapotekelezeka. Akiwa nyumbani, mlango haupo. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi au saa kumi na moja jioni kwetu, kutegemea majira yao, na saa tatu asubuhi ya California ni saa moja au saa mbili usiku. Wakala wa California akiandika, simu hulia mtu akiwa mezani anakula na wanawe, naye hujibu, kwa kuwa kutojibu kunaonekana kama kutokuwepo.

Michael Gibbs, Friederike Mengel na Christoph Siemroth walichunguza wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni moja ya teknolojia nchini India waliohamia nyumbani wakati wa korona. Saa za kazi ziliongezeka, kiasi cha kazi iliyofanyika hakikuongezeka, na tija kwa saa ikashuka kati ya 8% na 19%. Vikao vilikuwa vingi zaidi, na muda wa kufanya kazi bila kukatizwa ukapungua. Nilipoyasoma hayo niliwatambua watu wangu. Msimamizi akiangalia kazi iliyotoka peke yake, ataridhika kwamba hakuna kilichoharibika, kumbe kiasi kile kile kinatolewa kwa jioni na Jumamosi za watu. Tuliweka zamu ya jioni yenye malipo, mtu mmoja au wawili kwa wiki wanaoshughulikia Marekani, na wengine wote wakaruhusiwa rasmi kuzima simu ya kazi. Vikao vya kila asubuhi vilifutwa. Badala yake kila mtu huandika mistari michache kabla ya saa tatu: ana nini mkononi, amekwama wapi, anamsubiri nani.

Mkurugenzi alipendekeza wakati mmoja tununue programu inayopiga picha za skrini ya mfanyakazi kila baada ya dakika chache. Nilimweleza kwamba programu hiyo ingemwonyesha mama wa Unga Limited saa sita usiku akiwa anaandika bila kusimama, na ingempa alama za juu, wakati ratiba zake zilikuwa na makosa; na ingemwonyesha yule kijana wa Ngaramtoni hajagusa kompyuta saa sita mchana, bila kujua kwamba kazi ya siku ameshaimaliza. Aliniuliza, basi tupime nini? Nikamjibu tuendelee kupima yale yanayomfikia wakala: jibu limefika lini, bei iko sahihi, mgeni amekuja. Programu haikununuliwa.

Kwa sasa tunaketi ofisini siku mbili kwa wiki na siku zilizobaki kila mtu huchagua, na uchaguzi huo hupitiwa upya kila msimu unapoisha, kwa kuwa nyumba za watu hubadilika: mtoto huzaliwa, ndugu huhamia, mpangaji wa jirani hufungua mashine ya kusaga. Mwaka 2024 Bloom, Ruobing Han na James Liang walitoa matokeo ya wafanyakazi 1,612 wa kampuni ile ile, ambayo siku hizi inaitwa Trip.com, waliojaribu kukaa nyumbani siku mbili kwa wiki. Utendaji haukushuka, wala vyeo havikupungua, na walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja. Matokeo hayo niliyaambatisha kwenye barua niliyomwandikia mkurugenzi nikiomba mambo mawili yaingizwe katika mikataba mipya: betri na bando viandikwe kuwa vifaa vya kazi badala ya posho inayoweza kukatwa, na anayeishi chumba kimoja achangiwe tofauti ya kodi akipata cha pili, kwa kiwango kisichozidi gharama ya meza yake mjini. La kwanza limekubaliwa. La pili linasubiri bajeti ya Julai, na hadi hapo chumba cha Sakina kinaendelea kutumika, ingawa meza zake tatu hazitoshi tena.